Pombe Ilipopigwa Marufuku Marekani

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyetuumba akatupa akili, kisha akatuharamishia kila chenye kuiondoa akili hiyo. Na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zangu Waislamu, mliohudhuria hapa msikitini na mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, ninakuusieni, na nafsi yangu ikiwa mbele yenu, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri.

Uharamu wa ulevi ni jambo lisilokuwa na khitilafu baina ya wanazuoni, wala si makusudio ya hotuba ya leo kuuthibitisha. Makusudio ni kulijibu suali aliloniuliza kijana mmoja baada ya darsa. Alisema: “Sheikh, kwa nini serikali isiipige marufuku pombe nchi nzima, tukapumzika?” Niliona kwamba uzito wa suali lake umo katika neno la mwisho. Wengi wetu tunadhani hivyo hivyo: itoke amri, zifungwe baa, na kazi ya wazee, walimu na maimamu iwe imekwisha siku hiyo. Basi na tulitazame taifa moja kubwa, lenye mali na nguvu, ambalo lililifanya jambo hilo hilo, nalo halikuwa taifa la Kiislamu.

Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa wanywaji wa kupindukia. Mfanyakazi alipopokea ujira wake wa wiki, aliupitisha kwanza baa, na kilichosalia ndicho kilichofika kwa mkewe na watoto, aghalabu kikifuatana na ngumi. Wanawake waliochoshwa na hali hiyo waliunda umoja wao wa kupinga ulevi mwaka 1874. Mwaka 1893 ikazaliwa katika jimbo la Ohio jumuiya nyingine, iliyojiita Jumuiya ya Kupinga Mabaa, na huyo Wayne Wheeler aliyekuja kuwa mmoja wa viongozi wake wakuu akawa mtu wa kuogopwa na wabunge. Watu hawa hawakuwa wajinga, wala nia yao haikuwa mbaya. Walikuwa wakilia juu ya msiba ambao sisi pia tunaujua. Walishinda ushindi mkubwa kuliko walivyotarajia. Bunge lilipitisha Rekebisho la 18 la Katiba mwezi wa Desemba 1917, majimbo yakaliridhia tarehe 16 Januari 1919, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Januari 1920, pombe ikawa marufuku katika Marekani yote. Sheria ya utekelezaji, inayojulikana kwa jina la mbunge Volstead, ilihesabu kuwa ni kileo kila kinywaji ambacho kilevi chake kimefikia nusu ya sehemu moja katika mia.

Sasa tazameni sheria hiyo ilikataza nini na iliacha nini. Ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha. Haikukataza kunywa. Mwenye pombe aliyoinunua kabla ya siku ile aliruhusiwa kuiweka nyumbani mwake na kuinywa na wageni wake. Kwa hivyo matajiri walitumia ule mwaka wa kungojea kujaza maghala yao, nao walikunywa bila ya hofu, hali mchukuzi wa bandarini na mchimba makaa walikutwa na sheria mikono mitupu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, aliwataja kwa laana watu kumi katika jambo la khamri: anayeikamua na anayekamuliwa, mnywaji wake, mbebaji na anayebebewa, mgawaji, muuzaji, mla thamani yake, mnunuzi na anayenunuliwa. Hakuachwa mtu. Na mla thamani yake ni pamoja na yule haji wetu anayekodisha nyumba yake ya barabarani kwa mwenye baa, akaipokea kodi kila mwezi kwa mkono wa kulia, kisha akaja kukaa safu ya mbele.

Hata ile milango iliyofungwa ilikuwa na nyufa. Daktari aliruhusiwa kuandika cheti cha wiski kama dawa, na maduka ya dawa yakapata wagonjwa wengi ambao hawakuwa wakiumwa. Divai ya ibada za makanisa na masinagogi iliruhusiwa, na haja ya ibada ikaongezeka ghafula. Wakulima wa zabibu wa California, badala ya kuharibikiwa, walipanua mashamba, kwani kulikuwa na ruhusa ya kutengeneza maji ya matunda nyumbani. Palikuwapo hata vipande vya zabibu zilizokaushwa na kushindiliwa, vikauzwa pamoja na onyo kwamba mnunuzi asiviache katika maji siku nyingi, visije vikageuka kuwa divai. Onyo hilo, ndugu zangu, ndilo lililokuwa maelezo ya matumizi.

Lakini hayo ni madogo. Jambo kubwa ni kwamba haja ya pombe ilibaki katika nyoyo, na biashara yake ikatoka mikononi mwa mfanyabiashara wa kawaida, mwenye leseni na mwenye kulipa ushuru, ikaingia mikononi mwa mtu wa magendo. Meli zilizojaa pombe zilitia nanga nje kidogo ya mipaka ya bahari ya Marekani, na mashua za kasi zikawa zinakwenda na kurudi usiku kucha. Katika mto wa Detroit, ambao ng'ambo yake ni Kanada, walivusha kwa maboti wakati wa joto, na maji yalipoganda wakati wa baridi walivusha kwa motokaa juu ya barafu. Kuilinda nchi yote hiyo serikali ilianza na maofisa wapatao 1,500 tu, wenye mshahara mdogo, na kila mmoja wao alikuwa akikutana na watu ambao faida yao ya usiku mmoja ilishinda mshahara wake wa mwaka. Hapo Al Capone wa Chicago alipata utajiri wake, na hapo ndipo tarehe 14 Februari 1929 watu saba walipopangwa ukutani katika gereji ya mji huo wakapigwa risasi. Serikali haikuweza kumfunga Capone kwa pombe wala kwa damu. Mwaka 1931 ilimfunga kwa kukwepa kodi ya mapato.

Kadhalika mtu wa magendo alibadilisha kinywaji chenyewe. Mwenye kuficha mzigo katika motokaa hapendi kubeba mapipa ya bia, ambayo ni mazito na thamani yake ni ndogo. Hubeba kilicho kikali, ambacho chupa moja yake ina ulevi wa chupa nyingi za bia. Hivyo mtu aliyekuwa akinywa bia katika mwaka 1915 alijikuta katika mwaka 1925 akinywa kilicho kikali zaidi, tena katika kilabu cha siri, ambamo wanaume na wanawake walikaa pamoja kwa namna ambayo kwa kawaida baa za zamani hazikuijua.

Serikali ilipoona inashindwa, ilianza kuchungulia. Katika mji wa Seattle alikuwako luteni wa polisi, jina lake Roy Olmstead, aliyeacha kuwakamata watu wa magendo akawa yeye ndiye mkubwa wao. Alikamatwa kwa kusikilizwa simu zake kwa siri bila ya amri ya hakimu, na mwaka 1928 Mahakama Kuu ya nchi, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema kufanya hivyo kunafaa. Wanazuoni wetu walilijadili jambo la namna hii zamani sana. Imam Ghazali amekitaja katika Ihya kisa cha Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba usiku mmoja alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, mtu yule alimjibu kuwa yeye amemuasi Mwenyezi Mungu katika jambo moja, na Amiri wa Waumini amemuasi katika matatu: amepeleleza, na kupeleleza kumekatazwa, amepitia ukutani, na tumeamrishwa kuziingia nyumba kwa milango yake, na ameingia bila ya kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar, kwa ukali wake wote unaojulikana, alimwacha baada ya kumshurutisha kutubu.

Ninakuja sasa kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niichague maudhui hii.

Viwanda vya Marekani vilihitaji spiriti kwa rangi, dawa na mafuta. Ili isinywewe, serikali iliamrisha itiwe vitu vya kuiharibu, na miongoni mwavyo ni methanoli, ile spiriti itokanayo na mbao, ambayo kidogo chake hupofusha na zaidi yake huua. Watu wa magendo waliiba spiriti hiyo, wakajaribu kuisafisha, wakaiuza. Serikali ilijua kwamba inaibwa na inanywewa. Badala ya kupunguza sumu, mwaka 1927 ilianza kutumia michanganyiko yenye sumu nyingi zaidi. Tayari siku za Krismasi za mwaka 1926 hospitali za New York zilikuwa zimepokea watu waliopofuka na waliokata roho. Daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo wa mji huo, Charles Norris, alisimama hadharani kuilaumu serikali, na alieleza kwamba wanaokufa aghalabu ni wasiokuwa na fedha za kununua pombe nzuri ya magendo. Mwaka 1930 kikafuata kisa kingine: dawa ya tangawizi iliyokuwa na kilevi kingi, iliyonywewa na maskini wa majimbo ya kusini, ilichanganywa na wauzaji wake kwa kemikali ya viwandani, na maelfu ya watu wakapooza miguu.

Na Wayne Wheeler, yule mtu wa dini niliyemtaja, alisema nini juu ya maiti hao? Alisema kwamba serikali hailazimiki kuwapa watu pombe ya kunyweka wakati Katiba imeikataza, na kwamba anayeinywa spiriti hiyo amejiua mwenyewe kwa kusudi.

Tulipime neno hilo kwa mizani yetu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alikuwako katika zama za Mtume mtu aitwaye Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume, na alikuwa akinywa. Aliletwa akapigwa, kisha akaletwa tena. Mtu mmoja pale akamlaani kwa kukithiri kuletwa kwake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkataza kumlaani, na akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Hukumu ilisimama, fimbo zilipigwa, na aliyepigwa akabaki kuwa ndugu. Wheeler alipata sheria akampoteza ndugu.

Msimcheke Wheeler. Mtaani kwetu anapokufa mtu kwa gongo, ni wangapi tunaosema “amejitakia”? Imepata kutokea katika mitaa ya pwani yetu hii maiti akangojewa kuoshwa mpaka alasiri kwa kuwa kila aliyeitwa alikuwa na udhuru, na udhuru wenyewe ulikuwa ni kwamba marehemu alikuwa mlevi. Mwislamu aliyekufa hali ya kuwa ni mwenye dhambi huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa na huzikwa pamoja na Waislamu. Hiyo ni haki yake juu yetu, si hisani.

Turudi Marekani tuimalize. Uchumi ulipoporomoka kuanzia mwaka 1929, serikali ilikosa fedha na watu walikosa kazi, na ule ushuru wa pombe ulioachwa ukakumbukwa. Rais Roosevelt aliruhusu bia nyepesi katika majira ya kuchipua ya mwaka 1933, na tarehe 5 Desemba mwaka huo katazo lote likafutwa. Mpaka leo hilo ndilo rekebisho pekee la Katiba yao lililopata kufutwa.

Uadilifu unatulazimisha kutaja na upande wa pili. Wenye kudai kwamba katazo lile halikupunguza kitu hawasemi kweli. Wachumi wawili, Miron na Zwiebel, waliolichunguza jambo hilo mwaka 1991, walikadiria kwamba mwanzoni unywaji ulishuka hata ukafikia kiasi cha asilimia 30 ya ulivyokuwa kabla, kisha ukapanda katika miaka iliyofuata mpaka baina ya asilimia 60 na 70. Vifo vya maradhi ya ini vilikuwa vichache. Kuna watoto waliokula chakula kwa sababu ya sheria ile, nao hawakuandikwa katika magazeti kama alivyoandikwa Capone. Kwa hivyo mimi sisemi kwamba mtawala asikataze ulevi. Ninasema kuwa yapo mambo yaliyotakiwa kulitangulia katazo, na Wamarekani hawakuyatanguliza.

Yaliyotangulia Madina yanajulikana. Miaka 13 ya Makka ilipita watu wakifundishwa Mola wao ni nani na Akhera ni nini, na khamri ikinywewa. Kisha katika Suratul Baqara wakaambiwa kuwa ndani yake mna manufaa na mna dhambi, na dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha katika Suratun Nisaa wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, na mwenye kusali sala tano hapo atapata wapi nafasi ya kulewa mchana? Ndipo ikaja aya ya Suratul Maida ikaikata. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, katika maneno yaliyopokewa na Bukhari, ameeleza kwamba lau jambo la kwanza kuteremshwa lingekuwa ni kuwakataza watu khamri, wangalisema hawataiacha abadani. Tazameni elimu ya mama huyu. Karne 13 baadaye taifa zima lilikwenda kuyathibitisha maneno yake kwa gharama ya mali na roho, na halikuwa na habari naye.

Na siku ya aya ile ilipita vipi? Anas bin Malik, aliyekuwa kijana, alikuwa akiwagawia watu kinywaji cha tende nyumbani kwa Abu Talha. Ikasikika sauti ya mnadi nje. Abu Talha akamwambia atoke aende akaimwage. Anas anasimulia kwamba pombe ilitiririka katika njia za Madina. Hapakuwa na mpekuzi mlangoni, wala mashua ya doria. Waliomwaga ndio waliokuwa wenye mitungi.

Wala tusijidanganye kwamba jina la Uislamu peke yake linatosha. Iran imekataza pombe tangu baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, na mwaka 2020, ulipozuka uvumi kwamba pombe inaponya korona, mamia ya watu walikufa huko kwa methanoli ya magendo. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, Kenya iliipiga chang'aa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Miaka 20 baadaye, sheria ikiwa imesimama, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe moja yenye sumu, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 Bunge liliiondoa sheria ile likaweka nyingine ya kuiruhusu kwa masharti. Chang'aa yenyewe haikuwa imeondoka hata siku moja.

Mwenye kuipika ni nani? Aghalabu ni mwanamke, ameachwa au amefiwa, mwenye pipa moja uani na watoto wanne shuleni. Akikamatwa hulipa faini kwa kukopa, na kulilipa deni la faini hupika tena. Wamarekani walifunga viwanda vya bia bila ya kuuliza wafanyakazi wake watakula nini, na baadhi ya viwanda hivyo vikaishia kuuza maji mazito ya shayiri ambayo kila mtu alijua kwamba yanakwenda kupikwa pombe majumbani. Sisi tunalo la kufanya lisilongojea Bunge. Katika Suratut Tawba Mwenyezi Mungu ametaja mafungu manane ya wapewao zaka, na mwanamke huyo, akiwa ni Mwislamu aliyetubu, anaingia katika fungu la maskini na fungu la wenye madeni. Na asiyekuwa Mwislamu hakufungiwa mlango wa sadaka. Deni lake mara nyingi halifikii kodi ya mwezi mmoja ya duka moja la wakfu. Ninaziomba kamati za misikiti inayonisikia, kabla ya Ramadhani ijayo, kila msikiti umtafute mwanamke mmoja wa namna hiyo katika mtaa wake, umlipie deni, umpe mtaji wa biashara ya halali, na imamu apeleke mtu wa kumjulia hali kila mwezi kwa mwaka mzima.

Ninasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu.